Saa mpya zenye sura ya zamani: jina lililo usoni ni la nani?

Asubuhi mtaani Kagugu, jijini Kigali, mtu akiulizwa wakati hutazama mkononi, na akiona akrabu fupi, yaani mshale wa saa, imefika kwenye nane, hujibu bila kusita: saa mbili. Wasemao Kiswahili huhesabu hivyo tangu jua linapochomoza, na wasemao Kinyarwanda wameipokea hesabu hiyo pamoja na maneno yake: saa moya, saa mbiri, saa tatu. Uso wa saa unaonyesha nane, ulimi unasema mbili, wala hakuna anayedanganywa, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wamekwisha kukubaliana.

Lakini uso wa saa una kitu kingine zaidi ya tarakimu. Una jina, na juu ya jina hilo makubaliano mara nyingi hayapo. Katika miaka ya karibuni wapenzi wa saa duniani wamezidi kuvutiwa na saa mpya zilizoundwa kwa sura ya saa za kale, hasa za wapiga mbizi, za marubani na za wanajeshi wa miaka ya 1940 hadi 1970. Huagizwa kwa mtandao, zikiwa zimeunganishwa tayari au kiungo kimoja kimoja, kwa hiyo mkazi wa Kagugu anaweza kuletewa sawasawa na mkazi wa London. Baadhi yake ni kazi halali, tena ya kupendeza. Nyingine ni udanganyifu mtupu. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitenganisha kabla fedha haijatoka mfukoni.

Vitu vinne, jina moja

Neno "replika" hutumiwa kwa vitu visivyolingana, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Cha kwanza ni saa ya kumbukumbu. Kampuni huitengeneza upya saa yake ya zamani, au kampuni nyingine huazima umbo lake, lakini usoni huandikwa jina la yule aliyeitengeneza. Seiko ya Japani, kwa mfano, imeirudia zaidi ya mara moja saa yake ya kwanza ya wapiga mbizi, iliyotoka mwaka 1965.

Cha pili ni saa ya kuundwa. Mpenzi wa saa hununua kasha, uso, akrabu, kioo na mashine kwa wauzaji mbalimbali, kisha huviunganisha mwenyewe au humpa fundi. Uso waweza kuwa mtupu usio na jina, au ukabeba jina la muundaji.

Cha tatu ni mchanganyiko. Hii ni saa ya kale ya kweli ambayo viungo vyake vimebadilishwa: kasha ni la asili, lakini uso umepakwa rangi upya, na akrabu zimetolewa katika saa nyingine. Wakusanyaji huifananisha na lile zimwi la hadithi ya Frankenstein, lililoshonwa kwa viungo vya maiti tofauti.

Cha nne ni bandia: saa mpya iliyoandikwa jina la kampuni ambayo haikuigusa kabisa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba saa ya kundi la pili na saa ya kundi la nne zinaweza kufanana kwa kila kitu. Kasha laweza kuwa lile lile, na mashine ile ile. Kinachozitenga ni herufi chache zilizochapwa juu ya uso, na maneno ya muuzaji wakati wa kuuza.

Kwa nini sura ya zamani?

Saa zinazoigwa mno zilikuwa vyombo vya kazi. Mwaka 1953 Blancpain ilitoa saa iliyoitwa Fifty Fathoms, na katika muda huo huo Rolex ikatoa Submariner. Zote mbili zilikuwa na pete inayozunguka pembezoni mwa kioo. Mpiga mbizi aliigeuza pete mpaka alama yake ikakabiliana na akrabu ya dakika, ndipo akazama. Baadaye alitazama mara moja tu na kujua amekaa chini ya maji dakika ngapi, na hivyo hewa iliyobaki mgongoni mwake ni kiasi gani. Uso mweusi, alama kubwa, rangi ing'aayo gizani: kila kitu kilikuwa na sababu yake.

Miaka ya 1970 jeshi la wanamaji la Uingereza liliwapa wapiga mbizi wake Submariner zilizobadilishwa. Akrabu zilikuwa pana, zenye umbo la upanga. Pete iligawanywa dakika moja moja mpaka 60. Vijiti vya kushikia mkanda viliunganishwa moja kwa moja na kasha ili visichomoke, na kwa sababu hiyo mkanda ulikuwa wa kitambaa, uliopitishwa chini ya saa. Usoni palikuwa na herufi T ndani ya duara, ishara kwamba rangi yake ya kung'aa ilikuwa na tritiamu. Saa hizo zimekuwa adimu, na bei yake imepanda kupita uwezo wa watu wengi. Ndiyo maana waundaji wengi huanza na umbo hilo.

Mfano mashuhuri wa bei hizo ni wa tarehe 26 Oktoba 2017, huko New York, ambako saa ya Rolex Daytona iliyokuwa mali ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa mnadani kwa dola za Marekani zaidi ya milioni 17. Saa hiyo haikuwa ya dhahabu. Ilikuwa ya chuma. Kilichouzwa ni historia yake na sura ya uso wake. Chuma hakighushiki kwa faida kubwa, lakini historia na uso hughushika.

Jambia la Oman

Wasomaji wenye asili ya mwambao wanaijua Oman kwa udugu na kwa historia, na wakusanyaji wa saa wanaijua kwa sababu nyingine. Sultani Qaboos bin Said, aliyeshika madaraka mwaka 1970 na kufariki Januari 2020, alikuwa akitoa zawadi za saa kwa watu aliotaka kuwaenzi. Saa hizo, nyingi za Rolex zilizonunuliwa kwa duka la Asprey la London, zilitiwa nembo ya Oman, yaani jambia na panga mbili zilizopishana. Katika baadhi yake nembo iliwekwa usoni, katika nyingine nyuma ya kasha. Nyingine zilibeba jina la Sultani mwenyewe.

Hapa tunajifunza kwamba kubadilisha uso wa saa si kosa kwa asili yake. Mabadiliko hayo yalifanywa kwa kibali, kwa agizo la mtu aliyejulikana, kupitia muuzaji aliyejulikana. Kwa kuwa nembo ndogo kama hiyo huongeza thamani ya saa maradufu na zaidi, imekuwa shabaha ya waghushi. Mtu akiwa na saa ya kawaida ya miaka ya 1970 na akapata uso mpya wenye jambia, anaweza kuiuza kama zawadi ya kifalme. Kwa sababu hiyo wanunuzi makini huuliza kwanza habari za saa: ilitoka kwa nani, ikapita kwa nani, na karatasi zake ziko wapi.

Ndani ya kasha

Mashine inayotumiwa sana katika saa za kuundwa ni NH35, ambayo hutengenezwa na kundi la Seiko na kuuzwa waziwazi kwa waundaji wengine. Hujitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, ina vito 24, hutetema mara 21,600 kwa saa, na ikivuliwa huendelea kwenda kwa muda wa saa 41 hivi. Kipimo rasmi cha usahihi wake huruhusu ichelewe sekunde 20 au iwahi sekunde 40 kwa siku. Mtu aliyezoea saa ya betri au saa ya simu atashangaa, lakini huo si ubovu. Ndiyo tabia ya saa inayokwenda kwa kamani, yaani springi.

Kwa saa za marubani zenye vipima muda, wengi hutumia mashine ya Kichina iitwayo ST19. Asili yake ni Uswisi: mwanzoni mwa miaka ya 1960 China ilinunua mitambo ya kutengenezea mashine ya Venus 175, na kiwanda cha saa cha Tianjin kikaitumia kuunda saa za marubani wa jeshi la anga. Mashine hiyo haina uzito wa kujitia ufunguo. Mwenye saa hana budi kuitia ufunguo kwa vidole.

Kuunganisha saa si mchezo wa watoto. Chini ya uso kuna vijiti viwili vidogo ambavyo lazima viingie katika matundu ya mashine. Vikikosa, uso hulegea. Tundu la kila akrabu nalo lazima lilingane na mhimili wake. Ufito unaoshika kifundo cha kutilia ufunguo huja mrefu, na fundi huukata kwa kipimo. Akiukata mfupi kupita kiasi ameuharibu. Chembe moja ya vumbi chini ya kioo itaonekana kila siku. Mwishoni hutiwa mpira wa kuzuia maji, uliopakwa grisi maalumu. Mafundi wetu waliozoea kubadilisha betri na mikanda wana msingi wa kazi hii, lakini kazi yenyewe hutaka vyombo vyake na uvumilivu wake.

Mahakama zilivyoamua

Je, kutumia kitu cha kampuni chenye jina lake ndani ya saa mpya ni kosa? Kesi mbili za Marekani zinasaidia kulijibu swali hili.

Kampuni ndogo iitwayo Vortic, ya jimbo la Colorado, ilichukua mashine kongwe za saa za mfukoni za Hamilton, ikazitengeneza na kuzitia katika makasha mapya ili zivaliwe mkononi. Jina la Hamilton liliendelea kuonekana. Hamilton ikashtaki. Mwaka 2020 mahakama iliamua kwamba Vortic haikukosea, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Sababu kubwa ilikuwa uwazi: Vortic ilieleza katika matangazo yake na juu ya saa yenyewe kwamba mashine ni ya kale na imetengenezwa upya na Vortic. Mnunuzi hakuwa na sababu ya kudhani ameuziwa saa mpya ya Hamilton.

Kesi ya pili ilikwenda kinyume. Kampuni ya BeckerTime ya Texas iliuza saa za zamani za Rolex zilizobadilishwa kwa viungo visivyo vya Rolex, pamoja na almasi zilizoongezwa, huku zikitajwa kuwa Rolex halisi. Januari 2024 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba alama ya biashara ilikuwa imekiukwa.

Kesi zote mbili zinaegemea uamuzi wa zamani zaidi, wa mwaka 1947, ambao haukuhusu saa bali plagi za magari. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba anayekarabati plagi za Champion anaweza kuziuza zikiwa na jina hilo, mradi aziandike wazi kuwa zimekarabatiwa. Mwendesha pikipiki yeyote wa Kigali anaielewa hoja hiyo bila wakili. Plagi iliyotumika si haramu. Haramu ni kuuziwa iliyotumika kwa jina la mpya.

Sheria ya hapa kwetu

Maamuzi ya Marekani hayazifungi mahakama za Rwanda, lakini misingi yake haiko mbali na ya kwetu. Alama za biashara husajiliwa katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, na hulindwa na sheria ya miliki bunifu, ambayo ya sasa ni ya mwaka 2024. Tangu mwaka 2013 Rwanda pia imo katika Itifaki ya Madrid, inayoiwezesha kampuni ya nje kuomba alama yake ilindwe katika nchi nyingi kwa ombi moja.

Mpakani kuna sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika Rwanda kwa kuwa ni mwanachama tangu mwaka 2007. Orodha yake ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa inataja bidhaa bandia za kila namna. Kwa hiyo anayeagiza saa iliyoandikwa jina la uongo anaweza kupoteza mzigo wake hata kabla haujamfikia, na anayeziuza anajitia katika hatari kubwa zaidi. Uso usio na jina, au wenye jina la muundaji, hauna tatizo hilo.

Ikumbukwe kwamba alama ya biashara hulindwa ili mnunuzi asichanganywe. Jirani zetu wa Uganda huita "rolex" chapati iliyokunjwa na mayai, nasi tumeizoea hata hapa Kigali. Hakuna aliyewahi kuuma chapati akidhani ni saa. Mkononi mambo ni tofauti: pale jina ndilo linalouzwa.

Tahadhari juu ya rangi ing'aayo

Mada hii ina upande wa afya pia. Saa nyingi za nusu ya kwanza ya karne ya 20 zilipakwa rangi yenye radiamu ili zisomeke gizani. Huko New Jersey, Marekani, wasichana wa viwandani walioichonga ncha ya brashi kwa midomo yao waliugua, na wengi walikufa. Nguvu ya radiamu hupungua nusu baada ya miaka 1,600, kwa hiyo saa ya babu ambayo haing'ai tena bado ina mnunurisho. Kilichochakaa ni ile kemikali inayotoa mwanga. Radiamu yenyewe ingalipo. Tritiamu, iliyoifuata, hupungua nusu kwa miaka 12 hivi. Rangi za leo, zilizovumbuliwa Japani mwaka 1993, hazina mnunurisho: hunywa mwanga wa mchana na kuutoa usiku.

Rangi ya manjano iliyofifia inayopendwa katika saa za kuundwa kwa kawaida ni rangi mpya iliyotiwa dawa ili ionekane kongwe. Hiyo haina madhara. Hatari huja pale muundaji anapotumia akrabu au uso wa kale kweli ili kuongeza uhalisia. Rangi ya radiamu ikimomonyoka, vumbi lake likivutwa puani au likamezwa hudhuru. Saa kongwe ya namna hiyo isikwanguliwe, isifunguliwe jikoni, wala isiachwe mikononi mwa watoto.

Kabla ya kulipa

Tuseme kijana wa Kagugu ameonyeshwa saa ya mpiga mbizi yenye sura ya miaka ya 1960, na bei yake ni ya kushawishi. Afanye nini?

Kwanza, aombe kifuniko cha nyuma kifunguliwe mbele yake na fundi. Muuzaji mkweli hana sababu ya kukataa. Mashine ya NH35 ndani ya saa iliyoandikwa jina la kampuni kubwa ya Uswisi humaliza mjadala.

Pili, atazame mshale wa sekunde. Wa saa ya kawaida ya betri huruka mara moja kila sekunde. Wa mashine inayotetema mara 21,600 kwa saa hupiga hatua sita kwa sekunde, na machoni huonekana kama unateleza.

Tatu, avute kifundo cha kutilia ufunguo polepole. Saa nyingi za kale za wapiga mbizi hazikuwa na tarehe. Kifundo kikisimama kwanza katika hatua isiyobadilisha chochote, huenda uso usio na tarehe umewekwa juu ya mashine yenye tarehe. Katika saa ya kuundwa hilo si kosa kubwa, lakini katika saa inayodaiwa kuwa ya kale ni ushahidi mbaya.

Nne, asiamini kina kilichoandikwa usoni. Maneno "mita 200" huchapwa kwa wino sawa na jina. Saa isiyopimwa kwa mashine ya shinikizo isipelekwe ziwani Kivu.

Tano, na hili ndilo kubwa, adai maelezo kwa maandishi. Katika stakabadhi ya EBM, au katika karatasi iliyosainiwa pamoja nayo, yaandikwe: kasha ni jipya, mashine ni ya aina fulani, uso umetengenezwa na fulani. Karatasi hiyo itamlinda yeye leo, na itamlinda yule atakayeinunua kwake kesho. Muuzaji anayesema kwa mdomo kwamba saa ni "ya asili" lakini anakataa kuliandika neno hilo ameshajibu swali lote.

Anayependa sura ya zamani hana haja ya kuacha. Anaweza kununua viungo halali, akampa fundi, akashiriki kuviunganisha, na uso akauacha mtupu au akauandika jina lake mwenyewe. Atakuwa na saa inayochelewa sekunde kadhaa kwa siku na isiyouzika kwa bei ya mnada wa New York. Lakini atakapoulizwa ni saa gani ile, atajibu bila kusita, kama anavyojibu kwamba ni saa mbili.